CV niliyoichapa imenirudia na vitumbua vinne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe la moyoni. Mimi ni mama mwenye steshenari hapa Kihonda, Morogoro. Sikuandikii kulalamikia maji wala barabara, ingawa barabara yetu nayo ina yake. Nimekuja kukiri kosa, na wenzangu wenye steshenari wakijitambua humu ndani wasinikasirikie.

Jumanne ya wiki iliyopita nilinunua vitumbua vinne kwa mama jirani anayekaangia karibu na kituo cha daladala. Akanifungia kwenye karatasi, nikaenda navyo dukani nikavila na chai ya rangi. Nilipotaka kuitupa ile karatasi, jicho likanasa kwenye neno ELIMU. Chini yake kulikuwa na mstari uliokatika katikati, upande mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo. Mstari ule naujua. Nimehangaika nao miaka na miaka: ukiunyoosha huku, unapinda kule, mwisho nikauacha hivyo hivyo. Ilikuwa CV, na aliyeichapa ni mimi.

Mafuta yalikuwa yameshaipitia, lakini ilisomeka. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA tarakimu zote 20, namba ya simu, dini, kabila, hali ya ndoa. Chini ya kichwa MALENGO kulikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo nayajua kama sala ya asubuhi: kwamba mwenye CV hii ni mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, anaweza kufanya kazi na watu wa aina zote, katika mazingira yoyote. Mwishoni sahihi ya kijana, na tarehe ya Machi 2023.

Maneno yale ya malengo hakuyaandika yeye, wala sikuyaandika mimi. Mwaka 2011, duka likiwa na miezi miwili tu, alikuja mteja na flashi akitaka kuprinti CV yake. Niliipenda kwa macho, imepangika, ina mistari. Nikaibakiza kwenye kompyuta, nikaipa jina CV MASTA. Tangu siku hiyo kila aliyeingia na kusema "Mama, nifanyie CV", nilifungua CV MASTA, nikafuta jina la juu nikaweka lake, nikabadilisha shule na miaka, nikaprinti. Dakika kumi na tano, shilingi elfu tatu. Tangazo kubwa la kazi likitoka nilikuwa nafanya hata kumi na mbili kwa siku moja, zote zimefanana kama sare za shule.

Wala sikuwa na kisingizio cha kutojua. Nilisomea uhazili Tabora, hatimkato maneno 80 kwa dakika, nikachapa barua za wakubwa tangu enzi za karatasi ya kaboni hadi nilipopunguzwa kazi. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi niliiandika kwa mkono kwenye fulskepu, "YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI MPIGACHAPA", na ndani yake nilieleza jambo moja tu la kujisifia: kwamba nilipokuwa fildi nilichapa mihtasari ya vikao vyote vya robo mwaka bila kuharibu stensili hata moja, ile karatasi ya nta ya kurudufia. Anayejua stensili anajua hilo si jambo dogo. Nikaitwa. Kwa hiyo nilikuwa najua namna mtu anavyojieleza akaeleweka. Nilisahau nilipoanza kuhesabu elfu tatu tatu.

Onyo la kwanza lilikuja zamani kidogo. Aliingia dukani mzee mmoja amevaa suti ya Kaunda, simu mkononi, akaniuliza kwa ule upole wa mtu aliyekasirika sana: "Mama, wewe ndiye unayewachapia vijana hawa?" Akanisomea majina saba kutoka kwenye kijitabu. Saba yote wateja wangu. Mzee alikuwa mhandisi mstaafu, na alikuwa mdhamini wa tatu wa yule mwenye flashi ya 2011. Wateja wengi walikuwa wanakuja na wadhamini wawili. Wa tatu nilikuwa nawaambia "utamtafuta", halafu tunasahau wote wawili, na mzee wa watu anabaki pale pale kwenye karatasi. Waajiri wakawa wanampigia kumuuliza habari za vijana asiowajua hata kwa sura.

"Wa mwisho," akasema, "wameniuliza kama ni mwaminifu kwenye pesa. Nimesema simjui. Sasa kama alikuwa mwaminifu, je?"

Sikuwa na jibu. Nilimfungulia soda, hakuinywa. Alipoondoka nilifuta jina lake kwenye CV MASTA, nikaendelea na yale mengine kama kawaida. Mpaka leo najiuliza wangapi kati ya wale saba waliamini wamekosa kazi kwa kuwa hawana mtu ndani, au kwa sababu kuna mkono wa mtu kijijini, kumbe mdhamini wao aliyeandikwa na mimi aliulizwa akasema hawajui.

Aliyenibadilisha hasa ni kukatika kwa umeme. Alikuja kijana mmoja na cheti chake cha VETA, umeme wa majumbani, anataka CV ya kupeleka kiwandani. Nikamuuliza uzoefu. "Sina, mama. Andika tu mchapakazi." Nikashika kipanya nifungue CV MASTA, umeme ukakata. Tukakaa tunasubiri. Katika kupoteza muda akaniambia feni yangu ya mezani ilikuwa inalia kwa sababu bushi zimekwisha, akaomba bisibisi akaanza kuifungua. Mikono yake ilikuwa haitafuti. Ilikuwa inajua inakwenda wapi.

"Umejifunzia wapi haya? Chuoni?"

"Kwa mjomba, Ifakara. Tulikuwa tunasuka upya waya za mota zilizoungua za mashine za kukoboa mpunga."

"Kwa muda gani?"

"Misimu miwili."

"Na umeniambia huna uzoefu?"

"Sasa mama, ile si ajira. Ni kwa mjomba tu."

Nikavuta kaunta buku, nikaanza kumwandika kwa mkono, kwa hatimkato yangu iliyokwisha kutu. Mota ngapi? Akahesabu kwa vidole, akarudia, akafika 22. Kwa nini ziungue nyingi hivyo? Kwa sababu msimu wa mavuno mashine hazilali na umeme unakuwa mdogo, mota inalazimishwa. Za ukubwa gani? Nyingi hosipawa 25, moja ya 40. Mlikuwa mnanunua waya wapi, nani alikuwa anahesabu mizunguko, nani anachovya vanishi? Yeye. Kuna iliyorudi? Hapo akanyamaza kidogo. Moja ilirudi. Mvua ilikuwa inanyesha, vanishi haikukauka vizuri, ikaungua wiki ya pili. Akaisuka upya bure, mjomba akamkata posho.

Umeme uliporudi sikufungua CV MASTA. Nilifungua ukurasa mweupe. Juu kabisa, chini ya jina na simu, tukaandika: "Fundi umeme, cheti cha VETA. Nimesuka upya mota 22 za fezi tatu za mashine za kukoboa mpunga, Ifakara, kwa misimu miwili, chini ya fundi mkuu." Tukabishana kuhusu ile iliyorudi. Mimi nilitaka iwemo, yeye akasema "Mama, utanikosesha kazi." Tukakubaliana ikae mdomoni, isikae kwenye karatasi. Shule ya msingi tukaitoa. Mwenye cheti cha ufundi hakuna anayemuuliza darasa la saba alimalizia wapi. Mambo anayopenda, eti kusoma vitabu na kuangalia mpira, tukatoa. Ikawa ukurasa mmoja na robo. Mdhamini wa kwanza tukamweka mwenye mashine aliyesukiwa mota sita, baada ya kumpigia kwanza kumwomba ruhusa. Alifurahi mpaka akataka kuongea na mimi.

Alipata kibarua cha majaribio, baadaye wakamchukua awe msaidizi wa fundi. Sisemi ni CV iliyompa. Pengine siku ile walikuwa na mota iliyoungua. Ila aliporudi kunisalimia aliniambia kwenye usaili msimamizi alimuuliza habari za vanishi, na hakuna aliyegusa habari za kujituma. Na ile mota iliyorudi aliisimulia mwenyewe. (Mjomba wake hana cheti chochote. Nilimwambia kijana ampeleke VETA, kuna utaratibu wa kumpima kwa vitendo mtu aliyejifunza ufundi mtaani na kumpa cheti akifaulu. Sijui kama alimpeleka. Wajomba wana ubishi.)

Tangu hapo kila mteja wa CV ananikuta na kaunta buku. Sianzi na kompyuta. Naanza na: niambie siku moja ya kazi yako, kuanzia asubuhi. Wengi wanasema hawana kazi. Nawaambia basi niambie siku moja ya kutokuwa na kazi. Binti mmoja mwenye stashahada ya uhasibu, miaka miwili yuko nyumbani, alinieleza siku yake akafika jioni ya Jumapili, kumbe jioni hiyo huwa anaandika daftari la kikoba cha mama yake. Wanachama 28, hisa moja elfu tano, mkopo mara tatu ya hisa, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii. Walipovunja kikoba mwisho wa mwaka alipiga mahesabu ya mgao usiku kucha, na asubuhi kila mama akaondoka na chake pasipo kelele. Mhariri, umewahi kuona kikoba kikivunjwa bila kelele? Na binti huyo alikuwa ameandika "uzoefu: hakuna", kwa sababu eti ni mambo ya akina mama. Mdhamini wake alikuwa mkuu wa chuo ambaye hamjui kati ya mia nane. Tukamtoa, tukamweka mwenyekiti wa kikoba, mama anayepokea simu hata akiwa anasonga ugali.

Kuhusu wadhamini niongeze kidogo, maana nina uchungu nao. Vijana wananakili namba kutoka CV ya kaka zao bila kuipiga. Laini nyingi za zamani zilizimwa baada ya Januari 20, 2020, mwisho wa usajili kwa alama za vidole ulipofika, na namba ikishazimwa huweza kupewa mtu mwingine. Siku hizi napiga hapo hapo dukani, spika wazi. Namba ya mwalimu mkuu mmoja ilipokewa na muuza mkaa wa Dumila. Ya mdhamini mwingine, aliyepokea alikuwa mjane wake.

Kuna na hili la majina, ambalo linaua maombi mengi kuliko CV yenyewe. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha kuzaliwa kina matatu, NIDA ina matatu lakini moja limeongezewa herufi. Mwenye cheti anaona ni jambo dogo, "ni mimi yule yule". Mfumo hauoni sura yako, mwanangu. Nenda kwa wakili ufanye dipoli mapema, ile hati ya kisheria ya kubadili majina, usingoje tangazo litoke zikiwa zimebaki siku tatu. Na umri: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Anayejipunguzia miaka kwenye CV halafu akaandika namba ya NIDA mstari unaofuata amejisema mwenyewe.

Kwa kazi za Serikali, watu wanadhani CV ndiyo kila kitu. Kule kwenye Ajira Portal, mfumo wa Serikali wa kuomba kazi mtandaoni, unajaza taarifa zako sehemu kwa sehemu, na mimi nimeona watu wakipachika CV nzuri sana halafu sehemu ya uzoefu wameiacha tupu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi, tena kwa herufi kubwa: hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe, umri usizidi miaka 45, wadhamini watatu, barua ya maombi iwe imesainiwa. Imesainiwa! Neno hilo moja limewarudisha watu wengi niliowachapia barua, wakaipakia vile vile ilivyotoka kwenye kompyuta, chini pana nafasi nyeupe ya sahihi inawatazama. Sasa hivi nimeweka kalamu ya wino wa bluu imefungwa kwa uzi mezani. Haondoki mtu.

Kosa langu jingine ni la barua pepe. Nimewafungulia wateja barua pepe kwa mamia, nikatumia namba yangu ya simu kwa wale wasio na simu janja, na nywila nikaziandika kwenye daftari. Daftari la 2014 hadi 2016 liliharibiwa na mvua. Mteja anarudi baada ya miezi minne: "Mama, nasikia walituma ujumbe wa usaili kwenye barua pepe." Tunafungua, hatufungui. Wengine walijichagulia majina wenyewe, ya kishkaji, mengine siwezi kuyaandika gazetini, na ndiyo hayo hayo yako juu ya CV ya kuomba kazi ya benki. Sasa mteja anafungua mwenyewe kwa simu yake, kwa jina lake, mimi nikiwa nimegeuka upande wa pili. Na faili la CV tunalipa jina la mtu, tunaligeuza PDF. Mwajiri akipokea mafaili mia, na thelathini yanaitwa "CV MPYA", la kwako litakumbukwaje?

Lugha nayo ni kesi. Kijana haamini kwamba CV inaweza kuwa ya Kiswahili. Matangazo mengi ya Serikali niliyosoma yanaruhusu barua ya maombi kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini yeye anataka Kiingereza kwa sababu kinaonekana kimesoma. Sawa, na mashirika mengine yanakitaka kweli. Nina kipimo changu. Nikimaliza kuchapa nafunika karatasi kwa kiganja, namwambia anieleze kila mstari kwa maneno yake, kwa lugha ile ile aliyoandikia. Mstari asioweza kuueleza naufuta. Kuna mmoja tulifuta hadi tukabaki na jina, shule na kozi ya udereva. Akaniangalia. Nikamwambia sasa ndipo tuanze kuandika. Kumbe alikuwa ameshaendesha fuso la nyanya kutoka Mgeta hadi Dar kwa mwaka mzima, usiku, milima ile ya Uluguru unaijua, na hajawahi kuangusha tenga.

Wapo wanaotaka niwaongezee. "Mama, weka shahada, nitaenda kuisoma mbele ya safari." Nawakumbusha mwaka 2017, ile orodha aliyokabidhiwa Rais Magufuli kule Dodoma, watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wapo waliokuwa wameshafanya kazi miaka mingi, wana nyumba, wana watoto chuoni. Akishaambiwa hivyo mteja wa namna hiyo huwa anasema atarudi kesho. Elfu tano yangu inakwenda steshenari ya mtaa wa pili, na ninajua huko wanaweka.

Ndiyo, siku hizi ni elfu tano, na CV moja inanichukua saa nzima au zaidi. Kwa hesabu za biashara ni hasara, mwanangu wa kwanza ananiambia hivyo kila jioni. Nafidia kwenye kopi na mabango ya harusi. Wenzangu wenye steshenari, sisemi mfanye kama mimi, kila mtu na kodi yake ya fremu. Naomba jambo moja tu: fungueni kompyuta zenu muitafute CV MASTA yenu, maana najua mnayo, na mwangalie mdhamini wa tatu ni nani.

Waajiri nao nina neno nao, kwa heshima. Mmezoea kupokea CV zenye dini, kabila, ndoa na idadi ya watoto, na wengine mnaziomba kabisa, na picha juu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa mambo hayo, na inamhesabu hata anayeomba kazi. Mambo hayo nimeyaondoa kwenye CV zangu zote. Wateja wananiuliza kama mwajiri hatakasirika. Kama anahitaji kujua binti ameolewa ndipo ajue kama anaweza kutunza stoo, basi amtafute mwenyewe kwa njia zake.

Halafu hizi karatasi. Nilirudi kwa mama wa vitumbua nikamuuliza amezipata wapi. Akanitolea rundo zima chini ya meza. Ananunua kwa kilo, kwa mtu anayefanya usafi kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, na yeye anauza zile zinazotupwa. Mama hana kosa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019 afungie kwenye nini? Lakini lile rundo lilikuwa limejaa watoto wa watu, na namba zao za NIDA, na simu zao, na vivuli vya vyeti vyenye mhuri wa wakili waliolipia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 2023. Kama humtaki kijana, mwandikie ujumbe wa maneno manne umwambie, kisha ichane hiyo karatasi au ichome. Nililinunua rundo lote kwa shilingi elfu sita, nikamwachia magazeti ya zamani badala yake. Samahani, Mhariri, na lako lilikuwemo.

Jioni ile nikachukua ile karatasi ya kwanza, yenye mafuta, nikapiga namba iliyokuwa juu. Iliita mara mbili. Nikasema tu, "Naongea na fulani bin fulani?" Sikuwa nimefika popote.

"Ndiyo, ndiyo mimi mwenyewe, shikamoo! Nipo tayari, hata kesho asubuhi naweza kuanza. Vyeti vyote ninavyo."

Ikabidi nimweleze mimi ni nani na nimepata wapi namba yake. Nilieleza vibaya, nikachanganya na habari za vitumbua, nikamwomba msamaha katikati. Upande wa pili nilikuwa nasikia pikipiki inanguruma, halafu akaizima.

"Kwa hiyo ile kazi walishajaza?"

"Walishajaza, mwanangu. Nadhani zamani."

Akakaa kimya. Akaniuliza vitumbua vilikuwa shilingi ngapi. Nikamwambia viwili mia tano. Akacheka kidogo, kisha akasema ana abiria anamsubiri, atapita dukani Jumamosi mchana. Kaunta buku nimeshaiweka mezani, na kalamu ya wino wa bluu nimeibadilisha, ile ya zamani ilikuwa imekauka.

Mama wa steshenari,
Kihonda, Morogoro.